Siku Jorie Alipokwenda Kurudisha Neno

Verlyn Tjaden hakuwahi kuandikishana na mtu. Kwa miaka thelathini aliuza ndama, akanunua mahindi ya kulishia, akakodi ekari themanini za mjane Ruter, na yote hayo yalikwisha kwa kupeana mkono, mara nyingi wenyewe wakiwa wameegemea pikapu na kila mmoja anatazama upande wake. Huku kwetu Nordahl, kaskazini mwa Iowa, ndivyo mambo yanavyokwenda. Ukishasema, umesema. Bei ya ng'ombe ikipanda kesho yake, utaumia kimyakimya na ng'ombe wataondoka kwa bei ya jana. Yupo mtu mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyewahi kumwahidi jirani yake mitamba kumi na wawili kisha akawauza mnadani. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Watu wanamsalimia vizuri, kanisani wanampisha akae, lakini hakuna anayemwazima trela hadi leo.

Jorie, mtoto pekee wa Verlyn na Denise, alikulia humo. Alipofika miaka kumi na mitano alikuwa na futi sita na mkono wa kushoto ambao mabeki wa wilaya nne walishindwa kuuelewa. Kiangazi kile Kocha Lorna Beckett, wa chuo kikuu kimoja kikubwa cha jimbo jirani, alimwona kwenye kambi ya mpira wa kikapu akamwita ofisini pamoja na baba yake. Ofisi ilikuwa na zulia la zambarau, rangi ya chuo, na picha za mabinti waliobeba vikombe. Kocha hakuzunguka mbuyu.

"Nafasi ni yako, Jorie. Utasoma bure miaka yote minne. Nataka nisikie kutoka kinywani mwako."

Jorie akamtazama baba yake. Verlyn akatazama kofia yake iliyokuwa magotini. Suala lilikuwa la Jorie, na kwa desturi yetu mtu haingilii biashara ya mwenzake hata kama mwenzake ni mtoto wake.

"Nitakuja," Jorie akasema.

Wakapeana mkono. Kocha akampa mkono na Verlyn. Hapakuwa na karatasi, maana karatasi husainiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, Jumatano ya pili ya Novemba, na mpaka hapo neno la mdomo halimfungi mtu yeyote kisheria. Wenzetu wa mijini wanalijua hilo vizuri sana, na kila mwaka wanaachana kwa simu kama wachumba wasiopendana. Sisi tulilisikia, tukaona ni mambo ya wanasheria.

Mji ukalipokea neno lile ukaliweka kifuani. Gaylen Meints, msimamizi wa ghala la nafaka, mtu asiyejua kusema kwa sauti ndogo, alipaka mlango mkubwa wa ghala rangi ya zambarau na kwenye ubao wa bei za mahindi akapanga herufi: NORDAHL, NYUMBANI KWA JORIE. Familia kumi na mbili zilijiandikisha mapema kununua tiketi za msimu mzima, wakati msichana mwenyewe alikuwa bado hajaruhusiwa kuendesha gari peke yake. Walipanga mpaka basi, na nani ataleta kahawa. Jumapili ungeona mashati ya zambarau kwenye viti vya kanisa mpaka ukadhani ni Kwaresima ya mwaka mzima.

Nami sitaki kumwonea mtu. Watu walimpenda. Mji wa watu mia saba, shule imeponea chupuchupu kufungwa mara mbili, unapata mtoto ambaye jina lake linatajwa redioni. Ungefanyaje wewe?

Kilichoharibu mipango ni ndama.

Ilikuwa Februari ya mwaka uliofuata, theluji imefunga shule, na Verlyn amekwenda kuvuta pikapu ya jirani iliyozama mtaroni. Mtamba mmoja akashikwa na uchungu tangu alfajiri bila kitu kutoka. Denise akampigia Daktari Hinrichs, daktari wa mifugo wa wilaya tatu, mzee wa miaka sabini aliyekuwa na magoti mawili ya bandia na ulimi ambao haukuwahi kuugua. Alifika saa tatu asubuhi, akatia mkono, akautoa, akatikisa kichwa.

"Amekaa vibaya, na ni mkubwa kama pikipiki. Tunapasua. Wewe mrefu, nawa mikono mpaka begani. Na hiyo saa vua, sitaki kuisikia ikilia tumboni mwa ng'ombe."

Ng'ombe hupasuliwa akiwa amesimama, ubavu wa kushoto, kwa sindano za ganzi. Hinrichs akakata, akafika kwenye mfuko wa uzazi, akamwambia Jorie aingize mikono, aushike mfuko na mguu wa ndama ndani yake, auvute mpaka kwenye ule mwanya na asiuachie hata kidogo. Ukiteleza, maji yote yanamwagikia tumboni na mama anakufa wiki ijayo kwa usaha. Jorie aliushika. Mikono ilimuuma, jasho likamwingia machoni katika baridi ya kugandisha mate, naye alikuwa ameushika tu. Ndama akatoka kwa miguu ya nyuma, kalegea, ulimi nje. Hinrichs akamtia unyasi puani. Ndama akapiga chafya.

"Mikono hii," mzee akasema huku anashona, bila kuinua uso, "na wewe unaipeleka ikatupe mpira. Mimi nikifa, hawa ng'ombe watazalishana wenyewe?"

Alikuwa anatania. Lakini Jorie alikwenda kukaa juu ya ndoo nje ya banda akalia, na hakujua analia nini. Furaha ya kikapu aliijua vizuri: hupanda ghafla na ukumbi unalipuka. Hii ilikuwa imetulia kifuani na haikutaka kuondoka. Tangu siku hiyo alianza kufuatana na Hinrichs kila Jumamosi ambayo haikuwa na mechi, na somo la kemia ambalo alikuwa akilivumilia tu akaanza kulishambulia kama timu ya wapinzani.

Basi kiangazi cha kabla ya mwaka wake wa mwisho, akiwa na miaka kumi na saba, alialikwa tena chuoni kule kukaa siku mbili na timu. Kocha Beckett akamuuliza anataka kusoma nini.

"Sayansi ya wanyama. Halafu udaktari wa mifugo."

"Vizuri sana," kocha akasema, akakunja uso kidogo kwa huruma. "Tatizo ni maabara, mpenzi. Maabara zao ni saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Sisi mazoezi yetu ni saa nane. Wasichana wangu wengi wanachukua mawasiliano. Kozi nzuri tu, na walimu wake wanatuelewa."

Jioni ile mchezaji mmoja wa mwaka wa nne alimtembeza Jorie. Walipita kwenye jengo la sayansi, taa zinawaka. Jorie akamuuliza yeye anasoma nini.

"Nilikuja kusomea uuguzi. Sasa nasomea usimamizi wa burudani."

"Unaipenda?"

Yule msichana akafikiri kweli, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Inaisha kabla ya saa nane," akasema.

Wakaendelea kutembea. Jorie hakusahau sauti ile. Haikuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Kilikuwepo chuo kingine, Brandvold, chuo kidogo cha Walutheri mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Hakitoi ufadhili kwa ajili ya mpira, ukumbi wake unajaa watu mia nne, na timu husafiri kwa basi la manjano la shule. Ila wahitimu wake wa sayansi huingia shule za udaktari wa mifugo kila mwaka. Jorie alimwandikia kocha wa huko kwa siri, na kocha akajibu mistari mitatu: Siku za maabara utachelewa mazoezini. Wachezaji wangu wanne huchelewa kila Jumanne. Tumezoea, huwa tunawaachia chakula.

Alikaa na barua ile wiki saba. Kila akipita pale ghalani na ule mlango wa zambarau, aliongeza mwendo. Mpira aliupenda, tusije tukasema uongo. Alitaka kucheza mbele ya watu elfu kumi, alitaka lile jina redioni. Na alijua kwamba akienda kule atafurahi sana kwa miaka minne, halafu siku moja atamwambia mtoto wa watu kwamba kozi yake inaisha kabla ya saa nane.

Oktoba akamwaga yote mezani, katikati ya viazi na nyama ya kuoka. Aliyasema haraka haraka, macho kwenye sahani. Alipomaliza, Verlyn aliweka uma chini.

"Ulimwambia utakwenda?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mitano, Baba."

"Sikuuliza umri."

"Nilimwambia."

"Haya."

"Verlyn," Denise akasema, "mtoto si ng'ombe."

"Najua si ng'ombe. Ng'ombe haahidi."

Akaondoka mezani akaenda kufunga mageti ambayo yalikuwa yamefungwa tayari. Siku tatu zilipita hivyo. Denise aliongea na redio. Jorie alikuwa akimsikia baba yake asubuhi akikohoa jikoni, anamimina kahawa kwenye chupa, anatoka. Kumgombeza hakumgombeza, na ingekuwa afadhali. Alichokuwa anakiona usoni mwake ni kile ambacho watu wa Nordahl huwa nacho wanapompita yule mtu wa mitamba kumi na wawili, na kuona uso ule ukigeuzwa kwake ndani ya nyumba yake mwenyewe kulimkondesha.

Siku ya nne Verlyn alisimama mlangoni mwa chumba cha Jorie, viatu vimejaa tope, jambo ambalo Denise asingemruhusu siku nyingine.

"Umekata shauri?"

"Nimekata."

"Basi hutampigia simu. Neno ulimpa usoni, utalirudisha usoni. Nimeomba miadi Ijumaa. Nitakupeleka."

"Baba, utakaa garini?"

"Nitakaa pale nilipokaa siku ile."

Ni mwendo wa saa nne. Mashamba yalikuwa yamevunwa, meupe na wazi, na mashine za mwisho zikitimua vumbi mbali. Jorie alikuwa amejifunza maneno yake kwa moyo, akayarudia midomo ikicheza bila sauti. Kocha, nilikupa neno langu na nimekuja kulirudisha. Kosa ni langu. Umenitendea vizuri. Verlyn aliendesha bila redio. Walipokaribia, akasema jambo moja tu: "Sema polepole. Ukiharakisha utaonekana unatoroka." Jorie akalishika lile kama zawadi, maana ndilo la kwanza kumwambia kwa upole tangu usiku ule wa viazi.

Kocha Beckett aliwafungulia mwenyewe. Zulia lilikuwa lilelile, picha zimeongezeka. Uso wake ulikuwa umemshuka hata kabla hawajaketi, akafunga mlango, akakaa upande wao wa meza.

"Naona habari zimewafikia," akasema. "Jorie, nilikuwa nikupigie Jumatatu. Naapa. Nimechukia kwamba umeisikia kwa watu."

Jorie alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

"Kuna msichana anahamia kwetu kutoka chuo kingine. Ana futi sita na inchi nne, ana uzoefu. Nafasi ya ufadhili imekwenda kwake. Milango haijafungwa, ukitaka unaweza kuja kwa gharama zenu, ukajaribu. Lakini ile niliyokuahidi, sinayo tena. Nasikitika. Sema chochote unachotaka, una haki ya kukasirika."

Mahali pa kusema palikuwa hapo. Kusema kulikuwa kunahitaji pumzi moja. Maneno yote alikuwa nayo, mpangilio mzuri, polepole kama alivyofundishwa. Lakini Jorie aliona kwa kasi ileile anayoona nayo mwanya uwanjani kwamba hakuna tena haja ya kuyasema. Hahitaji kuwa mwovu. Anaweza kutoka chumba hiki akiwa mtu aliyedhulumiwa, na kile anachokitaka kipo mkononi bure.

"Sawa," akasema.

Verlyn ndiye aliyeongea. Aliinua kichwa, akamkazia yule mama macho. "Ulimpa mkono mtoto wangu," akasema. "Ukanipa na mimi."

Kocha akainamisha uso. Na hapo Jorie, aliyekuwa ubavuni kwake, akaona masikio ya baba yake yakiwiva, yakawa mekundu mpaka shingoni. Verlyn akasimama, akatafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake.

Njiani walisimama kutia mafuta, wakala mikate ya nyama ndani ya gari, kila mtu akitazama mbele. Saa nne kwenda, saa nne kurudi. Walipofika, Denise alikuwa anangoja barazani bila koti.

"Ikawaje?"

"Nafasi wamempa mwingine," Verlyn akasema. Kila neno lilikuwa la kweli.

Denise akashika kifua, akawatazama wote wawili, na nani alitangulia kusema hakuuliza. "Basi Mungu katufungulia njia," akasema. Jorie akapanda juu kulala saa kumi na moja jioni.

Kesho yake watu walimuuliza Verlyn, akawajibu vilevile, na Nordahl ikalipuka. Gaylen Meints alizing'oa zile herufi kwa mikono akapanga nyingine ambazo mchungaji alimwomba aziondoe kabla ya ibada. Mashati ya zambarau yalichomwa kwenye pipa nyuma ya ghala, watu wamesimama kulizunguka mikono mifukoni. Wanawake wakaanza kuleta chakula kwa akina Tjaden, kuku na tambi, viazi vya jibini, mikate ya nyama ya nguruwe, vile vyakula vinavyoletwa mtu akifa. Denise alivipokea akavipanga kwenye friji akikwepa macho ya binti yake. Kanisani waliombewa. Dukani watu walimshika Jorie bega wakamwambia, "Wewe kaza moyo, binti. Wale hawana haya." Alipotangaza kwamba atakwenda Brandvold, wakamsifu kwa kujikaza, wakasema kweli huyu ni mtoto wa Verlyn. Naye alikuwa akijibu asante. Asante hiyo aliitoa kwa siku kumi.

Siku ya kumi na moja mama yake alimtuma kwa mjane Ruter kurudisha sahani. Bi Ruter alikuwa na miaka themanini na minne, naye enzi zake alicheza mpira wa kikapu, enzi za wasichana sita kila timu, sketi mpaka magotini. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Tangu mwaka jana alikuwa anamfumia Jorie blanketi la kwenda nalo chuoni, mstari wa zambarau, mstari mweupe. Jorie alimkuta ameliweka mapajani, anafumua zambarau. Alikuwa anavuta uzi kidogo, anapumzika, anapuliza vidole, anavuta tena.

"Bibi, acha. Nitalichukua hivyohivyo."

"Hulichukui na rangi ya wale. Naweka ya kijani ya Brandvold." Akavuta uzi. "Mimi nimeuza na kununua maisha yangu yote, mwanangu, nimekutana na kila aina ya watu. Lakini mtu anayempa mtoto neno halafu akalivunja, yule sijui analalaje."

Jorie alisimama pale na sahani mkononi. Alitaka kusema. Akasema, "Hata mimi sijui, Bibi." Kisha akatoka akaendesha mpaka kwenye njia panda ya makaburi, akazima gari, akaupiga usukani kwa viganja vyote viwili mpaka vikawaka moto.

Jumatano ya pili ya Novemba ikafika. Saa nne asubuhi masomo yakasimamishwa, shule nzima ikaketi kwenye ngazi za mbao za ukumbi wa mpira, na nusu ya mji ikaketi nyuma yao na makoti. Meza iliwekwa chini ya kikapu, kitambaa cha kijani, keki ya kijani ya ukubwa wa dirisha. Ile karatasi ya Brandvold ilikuwa ya sherehe tu, haimfungi mtu, ila hakuna aliyejali. Denise alikuwa mstari wa mbele amekumbatia mkoba. Verlyn alikwenda kukaa juu kabisa, karibu na ukuta, kofia kichwani.

Jorie akasaini. Makofi yakapigwa mpaka taa zikatetemeka. Gaylen akanyakua kipaza sauti ambacho hakuwahi kukihitaji maishani.

"Sikilizeni! Huyu mtoto alipewa neno na watu wakubwa, wenye viwanja vikubwa. Wakamtupa! Hakulia, hakutukana. Kaichukua kama sisi tunavyochukua mvua ya mawe. Hapa Nordahl mtu akisema kasema, na yeye ndiye mfano wetu. Jorie, njoo utuambie neno."

Watu wakasimama. Jorie akakipokea kile kipaza sauti, akasubiri wakae. Walichukua muda kukaa.

"Siku ile hatukuitwa kule," akasema, na akasema polepole. "Tulikwenda wenyewe. Nilikwenda kumwambia kocha kwamba siendi kwake. Nilikuwa nimeshakata shauri tangu kiangazi, kwa sababu nataka kuwa daktari wa mifugo na kule nisingeweza. Nilikwenda kuvunja neno langu. Yeye alianza kusema kabla yangu. Aliniwahi kama dakika moja."

Gaylen akamsogelea.

"Unasema nini, Jorie?" Gaylen akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nasema hakunitenda kitu ambacho mimi sikwenda kumtenda. Mmechoma mashati yenu. Mmeniletea chakula. Nikala. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi, na naomba mnisamehe."

Wanafunzi wadogo walitazama walimu wao wajue waweke nyuso gani. Mtu mmoja katikati ya ngazi akachukua koti lake, akainuka, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu. Wawili wakamfuata. Bi Ruter, kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya meza, alikuwa anamtazama Jorie bila kupepesa, na Jorie akauvumilia ule mtazamo kwa sababu alijua anaustahili.

Ndipo watu wakasikia viatu juu kule. Verlyn Tjaden alikuwa anashuka ngazi za mbao, anaomba radhi kwa kila goti analoligusa, kofia sasa iko mkononi. Mtu huyu siku ya harusi yake mchungaji alimrudishia swali mara mbili ili "ndiyo" yake isikike. Akafika mezani, akanyoosha mkono, Jorie akampa kipaza sauti. Alikishika mbali mno na mdomo, lakini kila mtu alimsikia.

"Nilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyempeleka, nilimwambia lazima aende akaseme. Yule mama alipotuwahi, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu sikutaka kumsikia mtoto wangu akilisema. Na bado nikamsuta yule mama kwa kuvunja neno. Nikarudi, mkaniuliza, nikawajibu kwa namna ya kuwadanganya bila kusema uongo. Huyu nimemlea mimi. Leo amefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mimi siku ile ile, nami nilikuwa nimejificha pale juu."

Akakiweka kipaza sauti mezani, na kikalia kidogo. Verlyn hakujua aende wapi baada ya hapo, akabaki amesimama kando ya keki mbele ya mji mzima, anaizungusha kofia. Jorie akaketi pembeni mwa kiti chake kile kimoja, akaacha nusu, na baba yake akaketi.